Waya wa shaba Tabora: ulikuwa pesa, ulikuwa pambo, na ufundi wake haukushuka melini

Kuna maneno mawili yanazunguka sana kila ikitajwa bangili ya waya au hereni za kukunjwa na koleo, na yote mawili yananiuma kwasababu yanawafanya vijana wa hapa Tabora wajione waigaji. La kwanza linasema hii kazi ni ya Wazungu, mtu kaiona YouTube, kanunua plaizi ndogo, kaanza kukunja. La pili linasema hapana, ni ya Wamasai, sisi huku Unyamwezi tulikuwa wapagazi tu, tunabeba mizigo ya watu. Ukweli ni kwamba karne ya 19 hapa ilikuwa moja ya sehemu ambazo waya wa shaba ulifika kwa wingi, ukageuzwa pambo na mafundi wa hapahapa, na pambo hilohilo likasafiri tena kwenda mbele kama pesa. Sasa hayo mambo matatu, waya ulitoka wapi, nani alikuwa anaujua, na kwanini ulikuwa pesa, watu wanayachanganya, ngoja tuyatenganishe moja moja.

Tuanze na waya wenyewe maana hapo ndo kuna utata mkubwa. Leo waya unauzwa dukani kwa mita, kwahiyo mtu anadhani siku zote ulikuwa hivyo, lakini kwa miaka elfu kadhaa watu walivaa mapambo ya waya bila kuwa na kitu kinachoitwa kuvuta waya. Makaburi ya kifalme ya Uru, Iraki ya leo, ya kama mwaka 2500 KK, yalikutwa na mapambo ya dhahabu yenye waya ndani yake. Misri ya Mafarao hivyohivyo. Fundi wa zamani alikuwa na njia zake, mojawapo ni kuponda kijiti cha dhahabu na nyundo huku anakigeuzageuza mpaka kinakuwa chembamba, nyingine ni kupiga bati jembamba sana, kulikata ukanda, kuusokota huo ukanda ukajiviringisha wenyewe, halafu kuubiringisha katikati ya mbao mbili mpaka unakuwa duara. Ukiuangalia waya wa namna hiyo kwa lenzi utaona mstari unazunguka kama ngazi ya mnara, huo ndo mshono wa ule ukanda, na wataalamu wa makumbusho wanautumia mpaka leo kukamata vitu feki, mtu analeta mkufu anasema wa Misri ya kale, wakiangalia wanakuta mistari myembamba iliyonyooka inafuata urefu wa waya, wanajua huu umevutwa kwenye tundu, umri wake unatia shaka.

Kuvuta ndo hivi. Unakuwa na bamba la chuma kigumu lenye matundu, kila tundu dogo kuliko la kabla yake. Ncha ya waya unaichonga iingie, unapaka mafuta au nta, unaikamata na koleo upande wa pili unavuta. Hakuna kinachokatwa wala kinachopotea, shaba ni ileile, inapungua unene inaongezeka urefu, na hesabu yake inafurahisha: mita 1 ya waya wa milimita 4 ukiivuta mpaka milimita 2 inakuwa mita 4, ukiendelea mpaka milimita 1 inakuwa mita 16. Ila baada ya matundu machache shaba inakaza, inakuwa ngumu kama springi, ukilazimisha inakatika, kwahiyo lazima uirudishe kwenye moto mpaka iwe nyekundu iliyofifia, ipoe, ndo uendelee. Ulaya ufundi huu ulienea kati ya mwaka 600 na 1000 hivi, na kufika karne ya 15 kule Nuremberg, Ujerumani, walishafunga magurudumu ya maji yakawa yanavuta waya badala ya mikono ya watu, mchoraji Albrecht Dürer aliwahi kuchora kinu kimoja cha hivyo. Hata hizi namba za geji zinazowachanganya watu, mbona geji 24 ni nyembamba kuliko geji 18, asili yake ni hapo, kadiri waya ulivyopitishwa matundu mengi ndivyo namba ilivyopanda na unene ulivyoshuka.

Haya, sasa Afrika. Mtu akisikia habari ya vinu vya Ulaya anahitimisha kwamba basi waya ulikuja na Mzungu, mjadala umeisha. Mwaka 1960 sehemu inaitwa Ingombe Ilede, karibu na Mto Zambezi upande wa Zambia, yalifukuliwa makaburi ya watu waliokuwa na mali, ya karne ya 15 au 16 hivi. Waliokuwemo walikuwa wamevaa bangili za waya mwembamba wa shaba uliozungushiwa kwenye nyuzi, shingoni shanga za dhahabu, na pembeni yao vimewekwa vipande vya shaba vya umbo la msalaba pamoja na vifaa vya kazi, mabamba ya kuvutia waya na makoleo. Yaani mtu kazikwa na zana zake. Na Mapungubwe, Afrika Kusini, karne ya 13, watu walizikwa na bangili za waya wa dhahabu. Huko kote hakuna aliyesubiri meli.

Kwa upande wetu huku shaba nyekundu ilitoka Katanga, Kongo ya leo. Wafanyabiashara wa Kinyamwezi na Kisumbwa walikuwa wanakwenda Katanga kuchukua shaba nusu ya kwanza ya karne ya 19, wanavuka Ziwa Tanganyika au wanazunguka kusini yake, wanarudi nayo mpaka Unyanyembe, utemi wa hapa Tabora. Baba yake Msiri alikuwa mmoja wao. Msiri mwenyewe akaenda akabaki hukohuko, akajenga dola ya Wayeke, akatawala mpaka alipouawa Desemba 1891, na katika utawala wake shaba ya Katanga iliyeyushwa, ikavutwa waya, ikawa mapambo na biashara. Kwahiyo ukitafuta waya wa Kiafrika kweli kweli, madini ya hapa, moto wa hapa, koleo la hapa, njia yake inapita kwa watu wa huku.

Hapa ndo inabidi tutofautishe rangi mbili ambazo kwa Kiswahili zote tunaita shaba, wauza skrepa wenyewe wanazitenga, nyekundu wanaita kopa, ya njano wanaita brasi. Ya njano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na zinki ni kiumbe kisumbufu sana, inachemka na kuwa mvuke kwenye nyuzi 907 wakati shaba inaanza kuyeyuka nyuzi 1085, maana yake ukiweka mawe ya zinki kwenye tanuru la kawaida lenye moto wa kutosha kuyeyusha shaba, zinki yote inapaa na moshi, unabaki unashangaa. India waliweza kuikamata zinki zamani sana kule Zawar, Ulaya ikaja kuweza kiwandani Bristol miaka ya 1730. Mhunzi wa Unyamwezi alikuwa hodari wa chuma na shaba, majembe ya Usumbwa yalikuwa yanauzwa mbali sana, ila shaba ya njano hakuitengeneza, hakuna aliyeitengeneza Afrika Mashariki. Kwahiyo ukikuta kitu cha zamani cha njano hapa Tabora, metali yake imepitia Unguja na Bagamoyo, hilo halina ubishi. Lakini metali na ufundi ni vitu viwili. Nguo ya merikani ilitoka Marekani na hakuna anayesema fundi cherehani wa mtaa wetu wa Ng'ambo alitoka Marekani.

Misafara sasa. Waarabu na Waswahili wa pwani walijikita hapa miaka ya 1850 mwanzoni, wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke wakafika Kazeh, ndo Tabora hii, Novemba 1857. Burton alikuwa mtu wa kudharau watu, kuna kurasa zake kuzisoma unaumia, ila alikuwa anaandika bei na vipimo vya kila kitu, na kwenye orodha yake ya bidhaa waya umekaa pamoja na nguo na shanga kama vitu vitatu vinavyoendesha njia nzima. Waya mnene ulikuwa unaitwa masango, unapanda kutoka pwani umeviringwa, unabebwa na wapagazi begani. Ukifika Unyanyembe mafundi wa hapa wanauchukua wanaugeuza vitindi, ile bangili ya waya mnene uliozungushwa mara nyingi kama springi kuanzia kifundo cha mkono kwenda kwenye kiwiko, na kitindi kikishakamilika kinaendelea na safari mpaka Ujiji kinakwenda kununua vitu. Kaa na hilo kidogo. Waya haukupita Tabora kama gari la transit, ulisimama, ukafanyiwa kazi, thamani ikapanda, ndo ukaondoka. Tuliokuwa tunaambiwa babu zetu walibeba tu, kumbe kuna waliokaa chini na nyundo.

Stanley alipojiandaa Unguja mwaka 1871 kumtafuta Livingstone alinunua frasila 10 za waya wa shaba ya njano, ratili 350, kama kilo 160 hivi, waya mnene unaokaribia ule wa telegrafu. Aliambiwa na wazoefu, naye akaandika, kwamba shanga kwenye safari ni kama sarafu za shaba, nguo ni kama fedha, na waya ukivuka Ziwa Tanganyika ni dhahabu. Alilipia hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi njiani, alinunulia chakula, na Novemba mwaka huohuo akakutana na mzee Ujiji, wakarudi wote Kwihara hapa mwanzoni mwa 1872.

Kwanini waya uwe pesa? Hili watu huwa wanalifikiria kinyume, wanadhani watu wa bara walidanganywa, wanapewa waya wanatoa pembe za ndovu. Fikiria sifa za pesa nzuri: haiozi, inagawanyika, inapimika, haitengenezwi hovyo na kila mtu, na kila mtu anaitaka. Nguo inaliwa na mchwa, chumvi inayeyuka na mvua, ng'ombe anakufa. Waya unaupima kwa mkono, unakata kiasi unachotaka, na usipoutumia unauvaa. Mwanamke aliyevaa vitindi mikono miwili alikuwa anatembea na akiba yake, na mwizi hawezi kuiba bila yeye kujua. Pambo na benki kitu kimoja. Lakini tusiipambe hii biashara kuliko ilivyokuwa, maana waya huohuo ulinunua watu. Vitindi vilivyotoka hapa kwenda Ujiji vilikuwa sehemu ya biashara ya pembe na watumwa, na anayetaka kuisifia kazi ya fundi wa Unyanyembe lazima aibebe na hiyo.

Kuna pambo moja nataka tuliangalie kwa karibu kwasababu ndilo linaonyesha ufundi ulikuwa wapi. Kitindi ni nguvu, una waya mnene na kijiti cha kuzungushia, unakaza unazungusha. Udodi ni uvumilivu. Ndani unaweka kiini cha nywele za mkia wa tembo au twiga, zimekazwa pamoja unene wa kama milimita 3, juu yake unazungusha waya mwembamba kama uzi, kila mzunguko unalala ubavuni mwa mwenzake bila nafasi na bila kupandana, mpaka mwisho. Burton ameutaja kwa jina la sambo, wanawake wanavaa miguuni makumi kwa makumi mpaka mguu unang'aa. Ni bangili ileile ya Ingombe Ilede, miaka mia kadhaa kabla. Fanya hesabu: bangili yenye mzunguko wa sentimita 20, waya wa robo milimita, ni mizunguko 800, na kila mzunguko unakula kama sentimita 1 ya waya, jumla zaidi ya mita 8 kwa bangili moja ndogo. Halafu huo waya wa robo milimita haukuja tayari, masango yalikuja manene zaidi ya hapo mara nyingi, mtu ameuvuta, ameuchoma, ameuvuta tena. Anayesema hawa hawakuwa na ufundi aje azungushe mizunguko 50 tu iliyonyooka tuone.

Ulikufaje? Wengi wanalaumu mitindo, ati watu walistaarabika wakaacha. Mimi naona pesa ndo iliua. Mjerumani alileta rupia, kisha mwaka 1897 akatunga sheria ya kodi ya nyumba iliyoanza mwaka uliofuata, na serikali ilitaka sarafu, sio kitindi. Ikishakuwa kodi inalipwa kwa sarafu basi akiba yako ya mkononi inageuka pambo tupu, lazima uiuze upate rupia au uende shambani kwa mtu. Reli ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, treni ikaleta bangili za kiwandani kwa bei ambayo mtu wa mizunguko 800 hawezi kuifikia, na wamisionari wengi nao hawakuyapenda mapambo ya kienyeji. Kuna kitu cha ajabu kilitokea katikati ya vita, 1916, Wajerumani wamezingirwa hawapati sarafu kutoka kwao, wakafungua karakana ya reli pale Lulanguru karibu na hapa wakawa wanapiga sarafu zao, heller 20 za shaba nyekundu na za njano, na ile rupia 15 ya dhahabu yenye picha ya tembo, mpaka Wabelgiji walipoingia Tabora Septemba. Ndani ya miaka 60 shaba hapa ilikuwa pesa kwa kuvaliwa, ikaacha kuwa pesa, ikarudi kuwa pesa kwa kupigwa muhuri.

Nje huko nako waya haukufa. Mmarekani Alexander Calder, yule wa sanamu zinazoning'inia, alianza utotoni kumtengenezea dada yake mapambo ya mwanasesere kwa vipande vya waya wa shaba vilivyoachwa na mafundi wa nyaya barabarani, akaja kutengeneza mapambo kama 1,800 maishani mwake, mengi ya waya wa kuponda na nyundo bila kuchomelea. Durban walinzi wa usiku walisuka mabakuli ya waya wa simu wenye rangi, leo yako makumbusho makubwa. Wote hao waliokota waya uliokuwepo mtaani.

Na sisi waya upo mtaani. Kwa anayetaka kuanza leo, waya wa nyumba wa 2.5 (milimita za mraba) ule wenye nyuzi saba ndani, kila uzi una kama milimita 0.67, hiyo ni geji 22 hivi, nzuri kwa hereni na kufungia mawe. Wa 1.5 unatoa nyuzi za 0.53. Ukipata kipande cha 6, uzi mmoja una milimita 1 na kidogo, unafaa bangili na kulabu. Kwa udodi nenda kwa mafundi wa kusuka upya mota, wanatupa waya mwembamba kila siku, ila una vanishi juu, usiuchome ndani ya nyumba. Na tafadhali ganda la plastiki chuna kwa kisu, ule mtindo wa kurundika nyaya na kuwasha moto unatoa moshi wa sumu kali, na watoto ndo wanakaa pembeni. Siku hizi pia kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu, ni mwepesi, kwangua na kisu ukiona weupe ndani achana nao, ukiuweka kwenye mkaa ili ulainike unayeyuka mkononi. Mtu akikuletea waya mnene wa laini ya umeme au wa reli usiguse, bei iwe rahisi vipi. Nywele za tembo na twiga sahau kabisa, ni nyara za serikali, kiini tumia nywele za mkia wa ng'ombe, katani au mshipi wa kuvulia.

Jingine wateja watakuuliza kama bangili ya shaba inatibu baridi yabisi. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha York Uingereza walijaribu kwa wagonjwa 70, bangili za shaba hazikupunguza maumivu wala uvimbe kuliko za kuigiza. Ule ukijani kwenye ngozi ni jasho na shaba, hauna madhara, ndimu na chumvi inautoa. Uza kama pambo, usimuuzie mtu dawa.

Ombi langu ni kwa walio Urambo, Sikonge, Nzega, Uyui, wenye bibi aliyeacha kitindi au udodi ndani ya sanduku. Kipime uzito, pima unene wa waya, piga picha karibu na rula, andika kilikuwa cha nani na alikipata wapi. Sugua sehemu ndogo ya ndani uone rangi: ikiwa ya njano kilikuja na masango ya pwani, ikiwa nyekundu inawezekana ni shaba ya Katanga na hapo una kitu ambacho makumbusho wangekililia. Vingi vinakwenda kwa muuza skrepa kwa bei ya kilo, vinayeyushwa na mabomba mabovu, na yeye hana kosa, hakuna aliyemwambia.